Boriti Isiinuliwe

Daktari alisema maneno machache tu: magoti ya mama yanataka maji. Atembee ndani ya maji ya kifuani nusu saa kila siku, na baada ya miezi michache ataona nafuu. Binti yake, ambaye alikuwa fundi cherehani na si mtu wa kupoteza muda, wiki hiyohiyo akanunua bwawa. Si bwawa la kuchimba, la hasha. Lilikuwa lile la turubai nene la buluu, linalosimamishwa juu ya ardhi kwa miguu ya chuma, mduara mkubwa uliojaza uwanja wote wa nyuma. Kulijaza kwa mpira wa bustani kulichukua siku mbili.

Ndipo kasoro ikaonekana. Bwawa lilikuja na ngazi yenye vidato vyembamba kama vya kupandia darini. Mama akapanda cha kwanza, akapanda cha pili, akaikumbatia ngazi kwa mikono yote miwili.

"Wanangu, nishusheni," akasema. "Hapa nitavunjika kabla sijapona."

Mumewe alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma. Alikuwa seremala mstaafu, mwenye miaka arobaini na miwili ya kushika randa, na watu walimwita Mzee Timazi kwa sababu ukuta ukikosea wima kwa upana wa ukucha, yeye aliuona kwa jicho kabla uzi haujashushwa. Alilizunguka bwawa mara moja, kimya.

"Nitamjengea jukwaa la mbao," akasema. "Lizunguke bwawa lote. Ngazi pana, vidato vifupi, na mahali pa kushika. Ataingia majini kama anayeingia sebuleni kwake."

Hakuna aliyebisha. Mzee Timazi hakuwa mtu wa kubishiwa, na katika nyumba ile aliyeweza kumbishia kidogo kuliko wote alikuwa mkwewe, mume wa yule binti.

Mkwe huyu alikuwa mwalimu wa hesabu, na hata nyumbani walimwita Mwalimu. Mbele ya wanafunzi sauti yake ilifika mpaka uwanja wa mpira, lakini mbele ya baba mkwe ilimkauka kooni. Jambo hilo lilianza siku ya kwanza alipokwenda kujitambulisha ukweni. Alikaribishwa kuketi, naye kwa haraka ya adabu akakalia kiti ambacho Mzee alikuwa amekitia gundi asubuhi ile. Kiti kikaachana miguu, Mwalimu akaenda chini na kikombe chake mkononi. Mzee hakucheka wala hakukasirika. Alisema tu, "Kilikuwa hakijakauka." Tangu hapo, miaka tisa sasa, Mwalimu hakuwahi kupata kauli mbele ya mzee yule.

Sasa wakwe walikuwa wamehamia nyumbani kwa Mwalimu na mkewe kwa ajili ya matibabu ya mama, na shule zilikuwa zimefungwa. Mwalimu akawa msaidizi wa fundi. Kazi yake ilikuwa kubeba mbao, kushika ncha ya tepu, na kusema "Ndiyo, Baba."

Uwanja wenyewe ulikuwa umeinama kutoka jikoni kuelekea ukuta wa nyuma. Ili bwawa likae sawa, walikuwa wamechimba upande wa juu na udongo wake wakaujazia upande wa chini, wakaushindilia kwa kipande cha gogo. Wiki ya kwanza walijenga upande wa jikoni, kwenye ardhi ngumu ya asili. Nguzo zikasimama kwenye zege, mbao zikalazwa, ngazi ikapanda taratibu kama alivyoahidi Mzee. Mama alikuwa akikaa kwenye ngazi hiyo asubuhi, akimsaidia binti yake kushona vifungo, na kuwatania wanaume wake. "Fanyeni haraka, mimi nimeshanunua nguo ya kuogelea. Nikifa kabla, mtanizika nayo."

Wiki ya pili, Jumatatu, walihamia upande wa chini. Siku hiyo ndipo Mwalimu alipouona ule mguu.

Miguu ya bwawa ilikuwa imekanyaga vibao vya zege, mmoja mmoja, kuzunguka mduara wote. Mguu mmoja wa upande wa ukutani ulikuwa umezama. Kibao chake kilikuwa kimeshuka chini ya udongo kwa vidole viwili, na ardhi kukizunguka ilikuwa na nyufa kama juu ya mkate. Mwalimu akaangalia juu, kwenye ukingo. Maji hayajui kudanganya, yako sawa siku zote. Upande wa jikoni kati ya maji na ukingo palikuwa na vidole vinne. Hapa palikuwa na viwili.

Akapiga hesabu kichwani, kwa sababu kichwa chake hakikujua kazi nyingine. Nusu ya upana mara nusu ya upana, mara pai, mara kina. Tani kumi na saba za maji. Akatazama lile turubai la buluu lililovimba kidogo kati ya mguu na mguu, likiwa limetulia kama tumbo la mtu aliyeshiba, akarudi hatua moja nyuma.

"Baba," akaanza, "huu mguu hapa…"

"Lete misumari ya inchi nne," Mzee akasema, bila kugeuka.

Akaenda kuleta misumari. Aliporudi, maneno yalikuwa yameshapoa mdomoni.

Jumanne kibao kilizidi kuzama. Jumatano vilikuwa vidole vitatu. Mwalimu akajiambia kwamba mtu anayeona kosa la ukucha kwenye ukuta hawezi kukosa kuona vidole vitatu ardhini. Fundi ameshaona, fundi anajua. Nani amemtuma mwalimu wa hesabu kumfundisha seremala? Hivyo akameza maneno yake, lakini hayakushuka. Kila alipoinama kuchukua ubao karibu na turubai alijikuta ameinama ubavu, mguu mmoja nyuma, kama mtu anayempita mbwa asiyemjua.

Alhamisi, saa nane mchana, lilibaki shimo moja la nguzo. Lilipaswa kuchimbwa shubiri mbili tu kutoka kwenye mguu ule.

Boriti ndefu ya upande huo ilikuwa imeshapandishwa. Ncha yake moja ilikuwa imefungwa kwa bolti kwenye nguzo iliyokwisha kushika zege. Ncha ya pili ilikuwa imelazwa kwa muda tu juu ya matofali manne yaliyopangwa, ikisubiri nguzo yake. Kwa juu mbao za kupitisha, za kubebea sakafu, zilikuwa zimeshapigiliwa, kwa hiyo mtu hakuweza kusimama. Mzee akaingia chini kwa kutambaa, akalala kifudifudi, kichwa kwenye shimo na miguu kando ya matofali, akaanza kuchota udongo kwa kopo.

"Baba," Mwalimu akasema. "Tusingepunguza maji kwanza?"

"Kwa nini?"

Hapo ndipo angeweza kusema. Maneno yote yalikuwa tayari, yamepangwa kwa siku nne. "Nilifikiri tu," akasema.

"Usifikiri. Pokea kopo."

Akapokea kopo. Akamwaga udongo. Akapokea la pili, la tatu. La kumi lilikuwa na udongo uliolowa.

Kwanza ilisikika sauti ndogo ndani ya shimo, kama mtu anayemeza. Kisha mguu wa bwawa ukashuka, kwa mkupuo mmoja, na ncha yake ya chini ikateleza kwenda nje. Turubai likatoa mlio kama wa kitu kinachonyongwa, likavimba kama tumbo, likaja mpaka likaikumba boriti. Boriti ikasukumwa. Matofali mawili ya juu yakaruka, yaliyobaki yakapinduka, ncha ya boriti ikashuka na kukwama juu ya rundo. Chini ya rundo hilo ulikuwa mguu wa Mzee Timazi.

Mzee alitoa sauti moja fupi, si ukelele, ni pumzi iliyokatwa. Maji yakamwagika kutoka ukingoni kama ndoo mbili hivi, yakampiga mgongoni. Kisha kila kitu kikasimama.

Mwalimu hakuweza kusogea. Kopo lilikuwa bado mkononi mwake. Aliliona turubai likiwa limeegemea boriti, limejikunja juu yake kama mtu aliyelalia dirisha, na aliuona ule uzito wote ukitetemeka, mawimbi madogo yakizunguka ndani na kurudi. Kila yaliporudi, boriti ililia.

"Mwalimu," Mzee akasema kutoka chini. Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Mguu. Sikia, inua boriti."

Mke wa Mwalimu alikuwa ameshatoka mbio kwenye chumba cha kushonea, futi kamba ikining'inia shingoni. Nyuma yake alikuja jirani, fundi magari, aliyesikia kishindo na kuruka ukuta. Alipoona hali, hakuuliza. Akapiga kelele watu wa gereji yake wamrushie jeki.

"Baba!" mke akalia. "Baba, umeumia?"

"Inueni boriti," Mzee akasema tena. "Imenilalia. Inueni!"

Fundi magari akaipokea jeki juu ya ukuta, akapiga magoti, akaanza kuisukuma chini ya boriti. "Nyanyua kidogo tu, tunamvuta," akasema. "Dakika moja. Shemeji, shika mabega yake."

Mwalimu akaona kitu wasichokiona wao. Aliona kwa jinsi mtu anavyoona jibu ubaoni kabla mwanafunzi hajamaliza kuandika swali. Mguu wa bwawa haushiki kitu tena, unaning'inia. Kinachoshika tani kumi na saba ni boriti, na boriti imeshikwa na bolti upande mmoja na rundo la matofali upande wa pili. Inua boriti, hata kwa kidole, na ukuta wote wa maji unalala juu ya mzee aliyelala kifudifudi shimoni.

"Hapana," akasema.

Hakuna aliyemsikia. Jeki ilishagusa mbao.

"HAPANA!"

Sauti ile ilitoka ikiwa kubwa kiasi kwamba yeye mwenyewe alishtuka. Fundi magari akaacha mkono hewani.

"Boriti isiinuliwe. Ndiyo inayoshika bwawa. Ukiiinua linamwangukia."

"Mwalimu, mguu unasagika!" Mzee akaunguruma. "Mimi ndiye niliye chini! Mimi nakwambia inua!"

"Hapana, Baba."

Hata katika hofu ile, mke wake alimgeukia kumwangalia.

"Unanikatalia mimi?"

"Nakukatalia, Baba. Nisamehe. Usijitikise." Akamgeukia jirani. "Toa jeki. Tafuta gogo, kitu chochote kirefu, tegemeza boriti kutoka ukutani. Isisogee. Mimi naondoa maji."

Fundi magari alimtazama mzee, akamtazama Mwalimu, akatazama lile tumbo la buluu juu ya vichwa vyao. Kisha akaitoa jeki polepole, kama mtu anayechomoa mkono chini ya mtoto aliyelala.

Kando ya bwawa palikuwa na pampu ya kuchujia maji, imeunganishwa kwa mipira miwili minene kwenye matundu mawili ya turubai, kila tundu pana kama mdomo wa kikombe. Mwalimu akalegeza kibano cha chuma cha mpira wa kwanza kwa vidole, ukucha ukamvunjika, mpira ukachomoka. Maji yakatoka kwa nguvu ya ngumi, yakampiga kifuani. Akang'oa na wa pili.

Alikuwa ameshapanda jukwaani kupima kina kwa tepu aliposikia mke wake akipiga yowe. Ndipo akaelewa alichofanya. Uwanja uliinama. Maji yote aliyoyafungulia yalikuwa yanatelemka, yanazunguka bwawa, yanaelekea kwenye shimo walilolichimba wao wenyewe, na katika shimo hilo ndimo kilimokuwa kichwa cha Mzee.

"Yanamjia! Yanamjia usoni!"

Aliruka chini. Mifuko mitatu ya saruji ilikuwa imebaki chini ya jukwaa. Akauburuta wa kwanza, akautupa mbele ya mkondo, akaukanyaga. Maji yakaupita pembeni. Akautupa wa pili. Kulikuwa na mtu kando yake anayesukuma udongo kwa mikono mitupu, na ilimchukua muda kutambua kwamba ni mama mkwe. Hakuna aliyemwona akishuka ngazi. Alikuwa ameketi matopeni, miguu yake mibovu imenyooka mbele, akiparuza udongo na kuupiga viganja, akijenga tuta kama mtoto anayecheza, huku machozi yakimtiririka.

"Lete mbao," akasema. "Mbao, mwanangu, lete mbao za baba yako."

Akaleta mbao za jukwaa, zile zilizopigwa randa vizuri, wakazisimamisha ubavu na kuzishindilia udongo. Mkondo ukasita, ukapinda, ukaenda upande wa mfereji. Lakini si wote. Chini ya tuta maji yaliendelea kupenya, uzi baada ya uzi, na shimo lile lilikuwa likijaa.

Mzee alikuwa amelala mguu umebanwa, hawezi kujigeuza. Alijiinua kwa viwiko. Viwiko vilikuwa vinazama. "Yamefika kidevuni," akasema, na sasa sauti yake haikuwa ya kuamuru tena.

Mke wa Mwalimu akajilaza chini na kuanza kutambaa.

"Usiingie!" Mwalimu akasema. "Likianguka…"

"Nani atamshika kichwa? Wewe una maji, jirani ana boriti. Nani?"

Mwalimu akamwona akiingia chini ya mbao, chini ya lile turubai lililovimba, nyayo zake zikapotea. Sasa walikuwa wawili kule chini. Akasikia akisema, "Weka kidevu hapa, Baba. Kwenye mkono wangu. Hivyo."

Mwalimu akarudi jukwaani na tepu. Sentimita mbili kwa dakika, ndivyo maji yalivyokuwa yanashuka. Bwawa lilikuwa na kina cha mita moja na kumi. Ili boriti iinuliwe bila kuua mtu yalitakiwa kushuka nusu, na nusu ni karibu dakika thelathini. Akahesabu mara mbili akitumaini amekosea.

"Nusu saa," akasema kwa sauti.

"Gari la wagonjwa?" akauliza fundi magari. Alikuwa amekaza ubao mnene kati ya ukuta na boriti na kuuegemea kwa bega, mishipa ya shingo imemtoka.

"Niliwapigia simu kabla ya kushuka. Wamesema wanakuja," mama akajibu. "Wamesema tusimsogeze."

"Hatumsogezi," fundi magari akasema, na kwa namna fulani wote wakacheka, kicheko kifupi kibaya, kikafa palepale.

Dakika ya kumi, mguu wa bwawa uliofuata ukapinda.

Ulipinda katikati, taratibu, huku chuma kikilia. Ukingo ukashuka upande huo na maji yakamwagika kwa wingi juu ya mbao za kupitisha, yakapenya katikati yake, yakaanguka chini kwa kelele. Mwalimu hakuweza kuona kitu. Alisikia mke wake akikohoa, halafu hakusikia kitu. Alipiga magoti jukwaani akaliita jina lake, jina ambalo hakulitumia mara kwa mara, mara moja, mara mbili. Alijua kwamba amewaua. Alilijua jambo hilo kwa mwili mzima, kama mtu ajuavyo kwamba ameungua. Siku nne alikuwa nalo mdomoni na alikataa kulitema, na sasa amewaua.

"Tupo," sauti ya mke wake ikatoka chini. "Tupo. Usiache kupima."

Akapima. Akazisema namba kwa sauti kama anavyowasomea wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Themanini na nane. Themanini na sita. Mama, kule matopeni, alikuwa akiongea na mumewe bila kukoma, mambo ya nyumba tu, mambo ya hovyo: kwamba ile sahani aliyoitafuta iko kabatini, kwamba asidhani hajui nani alimaliza sukari. Mzee mara nyingine alijibu. Mara nyingine hakujibu, na hapo mama alipaza sauti na kumtukana kidogo mpaka ajibu.

Sabini. Maji shimoni yalimfika Mzee mdomoni. Binti yake alikuwa akimwinua kichwa kwa mikono miwili, mabega yake yakiwa yamegusa turubai. Alisema baadaye kwamba alilisikia likipumua mgongoni kwake.

Sitini na mbili. Tumbo la buluu lilianza kulegea. Hamsini na tano. Mwalimu alishuka, akaigusa boriti kwa kiganja. Haikuwa inalia tena.

"Sasa," akasema. "Jeki. Polepole."

Fundi magari akapiga jeki mara tatu. Matofali yakalegea. Mwalimu akatambaa, akayatoa moja moja, akaushika mguu wa mkwewe chini ya goti, mguu ambao haukuwa umenyooka inavyopaswa, na wakamvuta wote watatu, mke wake akitoka nyuma kwa tumbo, mpaka wakafika kwenye nyasi.

Jeki ilipoachiwa, boriti ikateleza. Turubai likalala chini bila haraka, kama ng'ombe anayepiga magoti, na maji yaliyobaki, nusu tu ya yale ya mwanzo, yakapita pale Mzee na binti yake walipokuwa wamelala. Yakalijaza shimo, yakabeba matofali, yakasukuma mbao zote mpaka ukutani. Walikaa wanatazama. Kisha gari la wagonjwa likapiga honi barabarani.

Mfupa wa ugoko wa Mzee ulikuwa umevunjika mahali pawili. Wakamfunga plasta mpaka juu ya goti, na siku ya nne akarudi nyumbani, akawekwa kwenye kochi la sebuleni, mguu juu ya stuli.

Mwalimu alikaa siku nzima akizungukazunguka. Hakuwa na usingizi tangu Alhamisi. Jioni ilipokaribia alijipiga moyo konde, akaketi kwenye kiti cha mbele ya mzee.

"Baba, nina neno."

"Sema."

"Ule mguu wa bwawa. Niliuona ukizama. Tangu Jumatatu."

Mzee Timazi alikuwa akikuna ukingo wa plasta kwa penseli. Mwalimu alisubiri kupigwa na neno lolote ambalo lingekuja, na alilitaka lije.

"Vidole vingapi?" Mzee akauliza.

"Viwili, Jumatatu. Jumatano vilikuwa vitatu."

"Vitatu na nusu."

Mwalimu akainua macho.

"Nilipima," Mzee akasema. "Ulipokwenda ndani kunywa maji. Jumatatu nilipima, Jumanne nilipima, Jumatano nilipima." Akaiweka penseli chini. "Nilikuwa nimemwambia mke wangu ataingia Jumamosi. Ingenibidi nivunje upande ule, nitoe maji, nianze upya na udongo. Na wewe ulikuwa umesimama pale kila siku na yale macho yako ya kusahihisha. Nikaona haya."

"Mimi sikuwa nasahihisha, Baba. Nilikuwa naogopa."

"Uliogopa bwawa?"

"Bwawa. Na wewe."

Mzee akatikisa kichwa, polepole. Midomo ilikuwa inamtetemeka, na Mwalimu akageuza uso ili asione.

"Jumamosi," sauti ikasema mlangoni.

Mama alikuwa amesimama pale na fimbo yake, haikujulikana tangu lini. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Ningekuwa ndani Jumamosi," akasema. "Natembea. Nimevaa nguo yangu. Na mwanangu ananishika mkono." Akamtazama mmoja, akamtazama wa pili. "Wote wawili mlijua. Mmoja anaona haya, mwingine anaogopa. Na mimi ndiye ningeingia."

Akaja mpaka katikati ya sebule, akaketi kati yao kwa shida, akaiegemeza fimbo kwenye goti.

"Haya. Sasa mnaniambia yote. Kuna kingine mnachokijua katika nyumba hii?"

Mwalimu akamtazama baba mkwe. Baba mkwe akatazama dari, akatazama plasta yake, akakohoa.

"Ile ngazi ya upande wa jikoni," akasema. "Kidato cha tatu. Kina msumari mmoja tu."

Mama akafumba macho. Alikuwa amekikalia asubuhi yote.

Mwalimu akainuka bila kuambiwa na kwenda kutafuta nyundo.